Mgeni kutoka Mulago: kwa nini makongamano ya wanafunzi wa afya huhitaji wazungumzaji waalikwa

Machi 22, 1961, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alisimama kuzungumza katika shule ya udaktari ya Hospitali ya Middlesex, London. Jina lake Denis Burkitt. Alikuwa na picha za watoto wa Uganda waliovimba taya, na hoja moja nzito: uvimbe ule wa taya, pamoja na uvimbe wa tumbo ambao madaktari waliuhesabu kuwa ugonjwa mwingine, ulikuwa saratani ileile moja.

Tangazo la mhadhara huo lilikuwa limebandikwa ukutani. Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa akichunguza virusi vya saratani ya kuku, alilisoma akaamua kwenda. Baadaye alisimulia kwamba hazikupita dakika 20 kabla hajaanza kuwaza kuwa huenda saratani ile inaletwa na kirusi. Mhadhara ulipokwisha alimkaribisha mgeni chai, na muda si mrefu vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London.

Mkasa huu hunijia kila ninaposhika ratiba ya kongamano la utafiti la wanafunzi wa afya. Humo utakuta majina ya wazungumzaji, mabango, warsha, mashindano na vyeti. Yote yana kazi yake, lakini yanalenga jambo moja: swali la mtu mmoja likutane na mtu anayeweza kulifanyia kazi.

Safari ya ikisiri

Kongamano huanza miezi kadhaa kabla ya ukumbi kufunguliwa. Mwanafunzi huandika ikisiri, kwa kawaida ya maneno 250 hadi 300, akieleza alichouliza, alivyopima, alichokuta na maana yake. Wanaoipitia mara nyingi hawaoneshwi jina la mwandishi, ili kazi ipimwe kwa ubora wake. Zinazopita hugawanywa: chache huwasilishwa jukwaani kwa dakika kama 10, nyingi huenda kwenye mabango. Pembeni kuna warsha za kushona jeraha kwenye ngozi ya bandia, kuchambua takwimu, kuandika makala ya kisayansi, na namna ya kuomba ridhaa ya mgonjwa kabla ya kumhusisha katika utafiti.

Mbele ya bango

Watu hudhani bango ni daraja la pili. Mimi naona ndipo elimu kubwa ilipo. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyepima wingi wa damu wa wajawazito 120 katika kliniki moja ya mjini. Kati yao 30 wana himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita, kiwango ambacho hadi 2024 Shirika la Afya Duniani lilikitumia kutambua upungufu wa damu katika ujauzito wote. Bango lake linasema mjamzito mmoja kati ya wanne wilayani ana upungufu wa damu.

Jaji anasoma taratibu, kisha anauliza: "Hawa wote walikuja kliniki wenyewe?"

"Ndiyo, daktari."

"Na wale ambao hawakuja?"

Hapo mwanafunzi ananyamaza, na kunyamaza huko kuna faida. Asiyefika kliniki huenda hana nauli, anaishi mbali, au chakula chake ni haba zaidi. Hali ya wilaya inaweza kuwa mbaya kuliko bango linavyosema. Vipimo vya mwanafunzi ni sahihi, ila hitimisho limevuka mipaka ya sampuli. Wataalamu huita kasoro hii upendeleo katika uteuzi, na makala nyingi za wakubwa zimeanguka kwa sababu yake. Mwanafunzi aliyeipata mbele ya bango lake hataisahau.

Mgeni rasmi na mzungumzaji mwalikwa

Makongamano yetu huwa na wageni wa aina mbili. Mgeni rasmi hufungua shughuli na kutoa neno la serikali au la chuo. Mzungumzaji mwalikwa ni mtafiti anayeleta kazi yake mbele ya vijana: alichopata, alipokwama, na ambacho bado hakijajibiwa. Wote wanastahili heshima. Lakini ratiba ikichelewa, dakika za maswali kwa mzungumzaji ndizo hukatwa kwanza, na hilo ni kosa kubwa.

Tukumbuke yaliyotokea Iringa miaka ya 1960. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule ya Mkwawa. Mwanafunzi mmoja, Erasto Mpemba, akamuuliza kwa nini maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya ya baridi. Wenzake wakamcheka. Osborne alirudi Dar es Salaam, jambo hilo likafanyiwa majaribio, na mwaka 1969 makala yenye majina yao wawili ikachapishwa. Hadi leo wanafizikia wanalibishania. Lau mwongoza ratiba siku ile angesema muda umekwisha, tungelikosa.

Chupa iliyochelewa

Tumrudie Epstein. Kwa zaidi ya miaka miwili vipande kutoka Kampala havikumpa kitu. Desemba 1963, ukungu ulitanda London, ndege ikapelekwa Manchester, na chupa ikamfikia kwa kuchelewa, maji yake yakiwa yamechafuka. Dalili ile kwa kawaida ni bakteria, na kitu cha namna hiyo hutupwa. Yeye aliweka tone chini ya hadubini, akakuta seli hai za uvimbe zikielea. Seli hizo zilioteshwa, na kwa hadubini ya elektroni Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona kirusi ndani yake. Machi 1964 walitangaza matokeo katika jarida la Lancet. Hiki ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, nacho leo huitwa kirusi cha Epstein-Barr.

Wazo lake la awali, kwamba kirusi husambazwa na wadudu, halikuwa sahihi. Huenea kwa mate, na watu wazima wengi duniani wanacho bila madhara. Katika ukanda wetu, malaria ya mara kwa mara utotoni huchangia kirusi hicho kuzaa saratani ya Burkitt. Saratani hiyo hukua kwa kasi, kwa hiyo mtoto mwenye uvimbe wa taya au tumbo unaoongezeka kwa siku chache apelekwe hospitali mara moja. Akiwahishwa, dawa zinaweza kumponya.

Kwa hiyo waandaaji, zilindeni dakika za maswali kama mnavyolinda muda wa mgeni rasmi. Nawe mwanafunzi, soma kazi ya mzungumzaji usiku wa kuamkia kongamano, andika swali moja unalotaka kweli jibu lake, na usipopata nafasi ukumbini, mfuate wakati wa chai.