Oman: Heshima yafundishwa shuleni, yajaribiwa nyumbani

Asubuhi katika shule ya serikali mjini Muscat huanza mstarini. Bendera hupandishwa na wimbo wa taifa huimbwa. Kisha mwanafunzi mmoja hushika kipaza sauti na kusoma aya za Kurani, na wenzake humfuatia kwa hadithi ya Mtume, habari fupi na nasaha ya siku. Kipindi hicho cha dakika chache huitwa redio ya shule. Nasaha zake zinajulikana na kila mzazi: mheshimu mwalimu, mjali jirani, tunza mali ya umma, usimcheke mwenzako.

Kwa watoto wengi wa Oman hilo ndilo somo la kwanza la uraia. Katika madarasa ya mwanzo maadili hayo hayakupewa kitabu chake peke yake, bali yametawanywa katika elimu ya dini, lugha ya Kiarabu, masomo ya jamii na stadi za maisha. Tanzania ilifuata njia nyingine. Huko somo la Uraia na Maadili lilianza darasa la tatu, hadi mabadiliko ya mtaala ya mwaka 2023 yalipoyaunganisha maadili na historia ya nchi.

Taifa lililoanzia darasani

Uzito uliowekwa juu ya shule ya Oman una sababu yake. Sultan Qaboos bin Said aliposhika madaraka Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu za kisasa, zenye wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Vita vya Jebel Akhdar vilikuwa vimekwisha miaka 11 tu kabla yake, na vile vya Dhofar viliendelea hadi 1975. Shule zilizojengwa kwa haraka, nyingi zikiwa na walimu kutoka Misri na nchi nyingine za Kiarabu, zilitakiwa kuwakutanisha watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kujiona raia wa nchi moja.

Miongoni mwa watoto hao walikuwamo waliozungumza Kiswahili. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964, maelfu ya watu wenye asili ya Oman walihama visiwani, na wengi waliingia Muscat baada ya 1970. Elimu na Kiingereza walichokuja nacho viliwafungulia milango ya maofisi, hospitali na shule, wanawake wakiwamo. Hata hivyo, wengi wao hawakuwa na Kiarabu cha kutosha cha kusoma na kuandika, na watoto wao waliingia darasani wakiwa na lafudhi iliyowatambulisha mara tu walipofungua kinywa. Waliitwa Wazanzibari. Huko Unguja, Mwarabu aliyetoka Oman karibuni aliitwa Mmanga. Familia moja, basi, iliweza kuwa ya wageni pande zote mbili za bahari.

Jibu la dola lilikuwa usawa wa kisheria. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Msingi ya Novemba 1996 kilikataza ubaguzi kati ya raia kwa misingi ya jinsia, asili, rangi, lugha, dini, madhehebu, makazi au hadhi ya kijamii. Sheria ya Msingi ya mwaka 2021, iliyotolewa na Sultan Haitham bin Tarik, ilidumisha kanuni ya usawa na kuifanya elimu kuwa ya lazima hadi mwisho wa ngazi ya msingi.

Usawa bila kutaja tofauti

Darasani, usawa huo umefundishwa zaidi kwa kutozitaja tofauti. Mtoto wa Kiibadhi, wa Kisunni na wa Kishia husoma elimu ya dini katika kitabu kimoja. Kwa mfumo wa Elimu ya Msingi ulioanza mwaka wa masomo 1998/99, wavulana na wasichana husoma pamoja madarasa manne ya mwanzo, wakifundishwa na walimu wanawake, kisha hutenganishwa. Lugha ya kufundishia ni Kiarabu, na Kiingereza hufundishwa kama somo kuanzia darasa la kwanza. Kiswahili, Kibaluchi na Kilawati hubaki nyumbani. Afrika Mashariki humfikia mtoto kama sura ya historia ya dola, enzi ya Sayyid Said bin Sultan na makao yake Unguja, wala si kama lugha ya bibi yake.

Njia hii si ya kubezwa. Imelea kizazi kinachoona ni aibu kuulizana madhehebu, jambo adimu katika eneo hilo. Lakini mtoto ambaye hajapata kusikia tofauti ikitajwa kwa heshima huenda akaisikia kwa mara ya kwanza ikitajwa kwa chuki. Mwezi Julai 2024, watu wenye silaha waliwashambulia waumini wa Kishia waliokusanyika kuadhimisha Ashura katika msikiti wa Wadi al-Kabir, Muscat. Kundi la Islamic State lilidai kuhusika. Polisi walisema washambuliaji walikuwa ndugu watatu, raia wa Oman. Waliouawa walikuwa Wapakistani wanne, Mhindi mmoja na afisa wa polisi.

Wasiokuwamo darasani

Orodha hiyo ya marehemu inaonyesha pengo jingine. Takriban watu wanne kati ya kumi wanaoishi Oman ni wageni, na watoto wa wengi wao husoma katika shule za jumuiya zao, kama Indian School Muscat iliyoanzishwa mwaka 1975. Mtoto wa Kiomani katika shule ya serikali anaweza kujifunza kumheshimu mwenzake kwa miaka mingi bila kukaa dawati moja na mtoto wa Kihindi anayeishi mtaa wa pili.

Mgeni anayemjua kwa karibu zaidi huwa ni yule anayempikia na kumfulia, na wengi wa wafanyakazi hao wametoka Tanzania, Kenya na Uganda. Novemba 2017, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu, ikieleza visa vya kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi mchana kutwa bila mapumziko, kunyimwa mshahara na kupigwa. Sheria ya Kazi ya Oman ya mwaka 2023, kama iliyoitangulia, haikuwajumuisha. Wanaongozwa na kanuni zao za pekee.

Katika nyumba zinazosema Kiswahili jambo hili lina uchungu wake. Bibi aliyezaliwa Unguja na msichana aliyetoka Tanga huelewana kwa lugha ileile, hata kwa utani uleule, wakati mjukuu hujibu kwa Kiarabu. Mwalimu hawezi kuingia jikoni humo. Shule zina mabaraza ya wazazi, baba na mama, na humo mwenendo wa mtoto hujadiliwa pamoja na alama zake. Namna anavyomwita yule anayemfungia mkoba kila asubuhi, kwa jina lake, kwa neno "dada", au kwa jina la kazi tu, haiandikwi katika ripoti ya mwisho wa muhula.