Mama Anyonyeshaye na Dawa ya Minyoo

Fikirini mama mmoja wa Kipese, huko juu katika milima ya Lubero. Amerudi kutoka kituo cha afya na kidonge kimoja cha albendazoli, maana ana minyoo ya tumbo. Mgongoni amembeba mtoto wa miezi 4. Kabla hajakimeza, mama mkwe wake anamwambia: "Mwanangu, dawa hiyo huua minyoo, itakosaje kumdhuru mtoto ndani ya maziwa? Mwachishe ziwa kwanza." Mama anabaki na kidonge mkononi. Je, aache dawa, ama amwachishe mtoto?

Asifanye moja wala jingine. Ameze dawa, na aendelee kunyonyesha.

Sababu yake si ngumu. Minyoo hiyo hukaa ndani ya matumbo, na albendazoli huifuata huko huko. Sehemu ndogo tu ya dawa huingia katika damu, na kifikacho katika maziwa ni kidogo zaidi. Kwa hiyo Shirika la Afya Ulimwenguni limekubali mama anyonyeshaye apewe albendazoli ya miligramu 400, au mebendazoli ya miligramu 500, mara moja, pasipo kumwondoa mtoto kifuani.

Hatari kubwa iko upande mwingine. Mama asiyetibiwa safura hupungukiwa damu siku kwa siku. Naye mtoto aachishwaye mapema hupewa uji mwepesi wa muhogo na maji yasiyochemshwa. Huharisha na kukonda. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika mwaka 1935 juu ya kwashiorkor. Jina hilo ni la Waga wa huko, nalo lataja ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa ziwa mdogo wake azaliwapo. Mtoto na anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hata miaka 2 na zaidi.

Lakini dawa zote hazina sheria moja. Kando ya mito yenye usubi, watu hupewa ivermectini ili kuzuia upofu. Dawa hiyo hapewi mama katika juma la kwanza baada ya kujifungua, wala mtoto asiyetimiza kimo cha sentimeta 90. Wengine, wakiona mdogo amekataliwa, hudhani maziwa ya mama aliyeimeza ni sumu. Sivyo. Kipitacho katika maziwa ni kidogo sana kuliko kipimo kimezwacho.

Metronidazoli, dawa ya amiba, huingia zaidi katika maziwa. Mganga akitoa kipimo kikubwa cha mara moja, aweza kumwambia mama apumzishe kunyonyesha saa 12 hata 24. Katika saa hizo mama hukamua maziwa na kuyamwaga ili ziwa lisikauke, kisha humrudisha mtoto. Kupumzisha si kuachisha.

Basi, mama, ufikapo kwa muuguzi, mweleze mambo matatu: kwamba unanyonyesha, umri wa mtoto wako, na kama wadhani umeshika mimba tena, kwa kuwa albendazoli haitolewi katika miezi 3 ya kwanza ya mimba. Usinunue vidonge sokoni kwa kukisia.

Nawe, baba, usimwachie mkeo wasiwasi huo peke yake. Mchimbie choo, umletee sabuni. Nanyi wanafunzi, mnaoweza kusoma karatasi ya dawa, wasomeeni mama zenu, na neno msilolielewa mkaliulize kituoni. Kuuliza si ujinga.