SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Namna watu wa mapato madogo wanavyoweka akiba kwa pamoja

Mtu apataye shilingi 400 au 500 kwa siku, naye ana watoto wa kulisha na kodi ya nyumba ya kulipa, akiambiwa aweke akiba hucheka. Hucheka kwa sababu anajua kwamba fedha hazikai mkononi mwake. Methali yasema kwamba haba na haba hujaza kibaba, nayo ni kweli. Lakini haikueleza kibaba hicho kitatunzwa na nani. Shilingi 50 zilizowekwa chini ya godoro siku ya Jumatatu, siku ya Jumatano huitwa na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa daftari, na zile zilizosalia huitwa siku ya Alhamisi na jirani aliyefiwa. Hazikupotea kwa ulevi wala kwa anasa. Zilipotea kwa kuwa zilikuwa karibu, na mwenyewe hakuwa na neno la kujibu.

Benki yaweza kuzitunza, lakini kwa mtu wa shamba nauli ya kwenda mjini na kurudi huenda ikazidi fedha zenyewe. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ya mkononi ilipoanza Kenya mwaka wa 2007 safari hiyo imepungua sana. Hata hivyo, fedha zilizomo katika simu ziko karibu kuliko zile za chini ya godoro, maana hutoka kwa kubonyeza tarakimu chache. Basi watu wengi, wa mashambani na wa mijini, wametafuta njia ya kuziweka fedha mahali ambapo mwenyewe hawezi kuzifikia akiwa peke yake.

Kusaidiana si jambo geni Kenya. Wakamba wana mwethya na Wakikuyu wana ngwatio, ambapo watu hulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Baada ya Uhuru wanawake wengi wa Mkoa wa Kati walifanya vyama vya mabati: kila mmoja alitoa fedha kidogo, yakanunuliwa mabati ya nyumba moja, kisha ya nyumba ya pili, hata mapaa ya nyasi yakaondoka. Upatu ni wa ukoo huo huo. Watu kumi wakitoa shilingi 200 kila juma, mmoja wao hupokea 2,000 kwa zamu yake. Ni njia nzuri, ila ina kasoro mbili. Apataye zamu ya kwanza amekopeshwa bure, na yule wa mwisho amewakopesha wenzake muda wote bila faida hata senti moja. Tena ugonjwa haungoji zamu ya mtu.

Njia ya sanduku ilikusudiwa kuziondoa kasoro hizo. Ilianzia Maradi, katika nchi ya Niger, mwaka wa 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini waliokuwa wakisaidiwa na shirika la CARE. Kwa Kihausa waliitwa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye maarifa. Kutoka huko imeenea katika nchi nyingi za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwa miongoni mwake.

Watu kati ya 15 na 25, wanaojuana vyema, huchaguana wenyewe. Huweka mwenyekiti, mwandishi, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Sanduku ni la chuma na lina kufuli tatu. Funguo zake hupewa wanachama watatu ambao si viongozi wala si wa nyumba moja, na mtunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Mwizi akitaka kuiba kwa hila itambidi awapate watu wanne wenye nia mbaya kwa wakati mmoja.

Sanduku halifunguliwi ila mkutanoni, mbele ya macho ya watu wote. Kila mwanachama huitwa kwa namba yake, naye hununua hisa, tangu moja hata tano. Bei ya hisa huwekwa na chama mwanzo wa mwaka, tena yafaa iwe ndogo kiasi cha kuwezwa na yule aliye maskini kuliko wote katika majira ya njaa. Hilo ndilo jambo ambalo vyama vingi hukosea. Walio na nafasi husema, “Tuweke shilingi 200, sisi si watoto,” na mwezi wa tatu mama auzaye mboga huona haya, akaacha kuja. Bei ikiwa shilingi 50, yeye atanunua moja, na mwenye duka atanunua tano, wala hapana atakayeaibika.

Hisa zikinunuliwa, muhuri hupigwa katika kitabu cha mwanachama, muhuri mmoja kwa hisa moja. Asiyejua kusoma aweza kuhesabu mihuri yake kama ahesabuvyo mbuzi wake. Vitabu hurudishwa sandukuni pamoja na fedha, ili pasiwe na mtu wa kuongeza muhuri nyumbani kwake. Kabla ya kufunga, jumla ya fedha hutangazwa kwa sauti, na wanachama huambiwa waiweke moyoni. Mkutano ujao, sanduku likifunguliwa, wao ndio hutaja kwanza jumla hiyo, kisha fedha zikahesabiwa.

Fedha hizo hazilali. Mwanachama aweza kukopa, na kwa desturi hapati zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Husema mbele ya wote anazitaka kwa kazi gani. Riba hupatana wenyewe, na vyama vingi hutoza 5 au 10 kwa mia kila mwezi. Aliyekopa 3,000 kwa mwezi mmoja kwa riba ya 5 atarudisha 3,150. Pembeni pana mfuko wa jamii, ambao kila mtu huutia kiasi kidogo kilicho sawa. Huo ni wa msiba, ugonjwa au moto, na kwa kawaida hauna riba.

Mwisho wa mwaka huja mgawo. Tuchukue mfano wa chama cha watu 20, ambacho kwa mwaka mzima kimeuza hisa 2,000 kwa shilingi 50 kila moja. Akiba ni shilingi 100,000. Tuseme riba za mikopo zimeleta 18,000. Jumla ni 118,000. Ikigawanywa kwa hisa 2,000, kila hisa sasa ni shilingi 59. Mama wa mboga aliyenunua hisa mbili kila juma ana hisa 104. Aliweka shilingi 5,200, naye atapokea 6,136. Faida yake ni shilingi 936, na katika mwaka huo labda alikopa mara mbili bila kumwendea mkopeshaji wa mtaani.

Msomaji mwenye hesabu atauliza: riba ya 5 kwa mia kwa mwezi si 60 kwa mwaka? Ndiyo, nayo ni nzito kwa mtu anayekopa mwezi baada ya mwezi ili ale. Tofauti ni kwamba riba hiyo haiendi mbali; hurudi katika hisa, na sehemu yake humrudia aliyeilipa. Lakini akopaye sana na kununua hisa chache huwalipa wale wakopao kidogo. Chama kizuri hulisema jambo hili waziwazi, na mkopo wa kununua mbolea au bidhaa za kuuza hutangulia mkopo wa sherehe.

Hatari zipo. Kubwa ni majuma ya mwisho kabla ya mgawo, mikopo yote ikiwa imerudi na sanduku limejaa. Kufuli tatu humzuia mweka hazina asiye mwaminifu, lakini hazimzuii jambazi mwenye panga. Kwa hiyo vyama vingi hupeleka fedha benki wakati huo, au huziweka katika akaunti ya chama ambayo haitoi fedha mpaka watu kadhaa wakubali. Tena amana za benki hulindwa na Shirika la Bima ya Amana la Kenya hadi shilingi 500,000 kwa kila mwekaji tangu mwaka wa 2020. Sanduku halina bima ya namna hiyo. Hatari ya pili ni mikopo kwa watu wasio wanachama, hasa wakubwa wa mahali ambao hapana awezaye kuwadai. Ya tatu ni kuchanganya chama cha sanduku na ile michezo ya fedha iliyowanyang'anya Wakenya wengi akiba zao mwaka wa 2006 na 2007. Katika sanduku faida hutoka katika mikopo ambayo kila mwanachama ameiona ikitoka na kurudi. Mtu akiahidi faida bila kueleza inatoka wapi, ila kwamba ulete wengine wawili, hapo hapana sanduku.

Kwa habari ya sheria, Kenya ilipitisha Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii mwaka wa 2022, na uandikishaji hufanywa katika ofisi za maendeleo ya jamii. Chama kilichoandikishwa huona wepesi zaidi kufungua akaunti.

Tarehe ya mgawo si jambo dogo. Wenye watoto shuleni huuweka kabla ya karo ya Januari; wakulima wengine huuweka kabla ya mvua za Machi, ili fedha ziende moja kwa moja katika mbegu na mbolea. Vyama vinavyougawa katikati ya sikukuu ya Krismasi hujuta mara nyingi. Mwenye kubakiwa na kiasi aweza kununua hisa katika chama cha ushirika cha akiba na mikopo, au dhamana za Serikali zikiuzwa kwa bei anayoiweza, kama zile zilizouzwa kwa simu mwaka wa 2017 kuanzia shilingi 3,000 kwa faida ya 10 kwa mia kwa mwaka.

Katika vyama vilivyozoea kazi hii, fedha zikiisha kugawanywa watu hawaondoki. Sanduku tupu huachwa wazi mezani, namba ya kwanza huitwa tena, na mwenye namba hiyo, fedha zake zingali mkononi, hununua hisa za mwaka mpya.