Mambasa: Mbuzi yuko karibu, kwa nini mbu anamchagua mtu?

Katika vijiji vingi vya eneo la Mambasa, jimboni Ituri, mbuzi na kuku hulala karibu na watu, nyuma ya jiko au hata ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Ni rahisi kufikiri kwamba mbu atashiba damu ya mbuzi na kuwaacha watoto. Kwa mbu wa malaria, hesabu hiyo ni ya hatari.

Mbu anayeuma ni jike peke yake, kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Kwanza hufuata pumzi. Mtu na mnyama wote hutoa hewa ya kaboni, na hewa hiyo humwonyesha mbu upande wenye kiumbe hai. Akikaribia, huongozwa na joto la mwili na harufu ya ngozi. Sehemu kubwa ya harufu hiyo hutokana na bakteria wanaoishi juu ya ngozi, na ya mtu si sawa na ya mbuzi.

Kila aina ya mbu ina chaguo lake. Watafiti hulijua kwa kukamata mbu walioshiba na kupima katika laboratwari damu iliyo tumboni mwao. Anopheles gambiae, msambazaji mkuu wa malaria nchini Kongo, hupenda damu ya mtu hata mifugo ikiwa karibu. Huingia nyumbani na kuuma hasa usiku wa manane. Ndugu yake, Anopheles arabiensis, huuma mtu na ng'ombe pia, mara nyingi nje. Ndiyo sababu magharibi mwa Kenya, vyandarua vyenye dawa vilipoenea, gambiae alipungua sana lakini arabiensis akabaki.

Kwa wakaaji wa Mambasa, wanaolima ndizi na kakao kandokando ya msitu, kuna mbu wengine wa kuangaliwa. Mfano uko jirani. Ng'ambo ya mto Semliki, chini ya milima ya Rwenzori, kuna Bwamba, ambayo leo ni sehemu ya Bundibugyo nchini Uganda. Msitu wake ni mwendelezo wa msitu wetu wa Ituri. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, watafiti kutoka Entebbe walichunguza huko homa ya manjano.

Waligundua kwamba mbu Aedes africanus huishi juu ya miti na kuuma kima, hasa jua likishatua. Mchana, kima hushuka kuiba ndizi kwenye mashamba. Hapo wanaumwa na mbu mwingine, Aedes simpsoni, anayezaliana katika maji yanayotuama kati ya majani na shina la mgomba. Mbu huyo huuma pia watu wanaofanya kazi shambani. Hivyo virusi vilitoka juu ya miti na kumfikia mkulima, bila yeye kuingia ndani ya msitu.

Kwa hiyo kinga moja haitoshi. Dhidi ya malaria, chandarua chenye dawa kinatakiwa kila usiku, hata katika kibanda cha shambani. Lakini chandarua hakimsaidii mkulima anayeumwa mchana kwenye migomba. Kinga yake dhidi ya homa ya manjano ni chanjo, ambayo watoto hupewa wakiwa na miezi tisa.

Hali ni ngumu zaidi kwa familia zinazokimbia mashambulizi ya ADF. Anayekimbia usiku hubeba mtoto, si chandarua, na anayelala nje hana ukuta wala paa la kumzuia mbu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba Kongo ina karibu asilimia 12 ya wagonjwa wote wa malaria duniani, ikiwa ya pili baada ya Nigeria. Wengi wanaokufa ni watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Mtoto akipata homa, apelekwe siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya apimwe. Na usiku, hata kama mbuzi yuko mlangoni, mtoto alale chini ya chandarua.