Jina moja, dawa mbili: Kosa langu kuhusu inhela

Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, walinena wahenga. Kwa zaidi ya miaka 15 nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wa isimu chuoni kwamba neno moja laweza kubeba maana mbili, na kwamba msikilizaji hutegemea muktadha ili atambue ni ipi iliyokusudiwa. Sikudhani kuwa siku moja somo hilo ningefundishwa mimi, tena usiku wa manane, na kwamba nusura lingemgharimu mama yangu uhai.

Ilikuwa Julai 2022, msimu wa baridi na ukungu kijijini kwetu huko Kinangop. Mama amepika kwa kuni maisha yake yote, katika jiko ambalo moshi wake hutoka kwa kupenda. Mwaka huo alikuwa amepatikana na ugonjwa sugu wa mapafu, na daktari alikuwa amempa inhela mbili. Saa nane za usiku mpwa wangu, anayeishi naye, alinipigia simu.

"Mjomba, Nyanya anashindwa kupumua. Nifanye nini?"

"Mpe inhela," nikamjibu.

"Nimempa."

"Basi mwongeze."

Akamwongeza. Niliomba nizungumze na mama mwenyewe. "Mwanangu," akasema, akanyamaza. "Pumzi," akasema, akanyamaza tena. Mikono ilikuwa ikimtetemeka na moyo ukimwenda mbio, lakini kifua hakikufunguka. Jirani mmoja, Mungu ambariki, aliwasha gari lake na kumkimbiza hospitalini. Palipokucha, muuguzi aliyempokea alizungumza nami kwa simu. "Mwalimu," aliniuliza kwa upole, "ulisema apewe inhela. Ulimaanisha ipi?"

Sikuwa na jibu. Sisi sote nyumbani tuliviita vifaa vile viwili kwa jina moja. Mpwa wangu alikuwa ameshika ile isiyofaa kwa saa ile, na mimi, mwalimu wa lugha, nilikuwa nimemhimiza aendelee nayo.

Nimeona vyema kulieleza jambo hili hapa kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni walimu na wanafunzi, na haikosi shuleni kuwa na mtoto mwenye pumu. Pumu na ugonjwa sugu wa mapafu si maradhi yaleyale, ingawa yote mawili hubana njia za hewa na mara nyingi hutibiwa kwa vifaa vinavyofanana.

Inhela aliyopewa mama kwa matumizi ya kila siku ina dawa mbili ndani yake. Ya kwanza hutuliza uvimbe katika njia za hewa, na manufaa yake huonekana baada ya siku kadhaa au hata wiki. Ya pili hulegeza misuli iliyozibana njia hizo, na nguvu zake hudumu kwa muda wa saa 12 hivi. Ndiyo sababu huvutwa asubuhi na jioni. Katika inhela ya mama dawa hiyo ya pili ni salmeteroli, ambayo huanza kazi polepole. Mtu aliyebanwa kifua hana muda wa kuingoja, na kuirudiarudia humletea mtetemo na mapigo ya moyo ya kasi. Inhela yake nyingine ina salbutamoli. Hii huanza kuzifungua njia za hewa katika dakika chache, lakini nguvu zake huisha baada ya saa 4 hadi 6, na uvimbe wenyewe haiutibu.

Moja, basi, ni ya kukinga na nyingine ni ya kuokoa. Kuziita zote "inhela" tu ni sawa na kuuita mlango na dirisha "tundu" nyumba inapowaka moto.

Msomaji asidhani kuwa rangi itamwokoa. Ni kweli kwamba inhela ya kuokoa mara nyingi huwa ya buluu, lakini rangi hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda. Isitoshe, inhela yetu ya kila siku ilikuwa ya zambarau, na katika mwanga wa kibatari mpwa wangu hangeweza kuapa kuwa zambarau si buluu. Asidhani pia kuwa inhela zote zenye dawa mbili ni sawa. Zipo zenye formoteroli, ambayo huanza kazi upesi, na baadhi ya wagonjwa wa pumu huelekezwa na daktari waitumie hiyohiyo kila siku na wakati wa kuzidiwa. Kwa hiyo maelekezo ya jirani si maelekezo yako. Soma jina la dawa, wala si umbo la kifaa.

Neno la pili lililotuponza ni kitenzi. Mama aliwahi kuambiwa, "Weka mdomoni, ujipulizie." Naye kwa Kiswahili chake safi alielewa kuwa kupuliza ni kutoa pumzi. Akapuliza. Inhela yake ni ya unga, na unga huo ukipulizwa hutawanyika au huloa kabla haujamfikia mgonjwa. Kitenzi sahihi ni kuvuta. Mgonjwa atoe pumzi kwanza akiwa amekiweka kifaa mbali na mdomo, akibane kwa midomo, kisha avute. Inhela ya unga huvutwa kwa nguvu na kwa kina. Ile ya mkebe wa kubonyeza hutikiswa kwanza, ikabonyezwa mara mgonjwa aanzapo kuvuta, tena avute polepole. Katika zote mbili, pumzi izuiwe kwa sekunde 10 hivi, au kadiri mtu awezavyo.

Mtoto asiyeweza kupatanisha kubonyeza na kuvuta husaidiwa na chombo cha kati kinachoipokea dawa kabla hajaivuta. Chombo hicho kikikosekana, tusikate tamaa. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Afrika Kusini na Heather Zar na wenzake. Waliwatibu watoto waliobanwa na pumu kwa kutumia chupa ya plastiki ya soda ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa barabara kandokando ya inhela. Chupa hiyo ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani.

Neno la tatu ni "steroidi". Dawa ile ya kutuliza uvimbe ni ya jamii hiyo, na Mkenya akilisikia jina hilo hukumbuka wanariadha waliopigwa marufuku. Nimewajua wazazi walioitupa inhela ya mtoto kwa hofu hiyo. Hapa tena jina moja limebeba vitu viwili: hii si ile ya kutunisha misuli. Hata hivyo, haikosi madhara yake. Huweza kuleta utando mweupe wa kuvu mdomoni na kuikwaruza sauti, nasi walimu sauti ndiyo jembe letu. Kinga yake ni rahisi: kila baada ya kuivuta, sukutua kwa maji na uteme. Kwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu, dawa hii huongeza uwezekano wa kupata nimonia; kwa hiyo homa, au makohozi yaliyobadilika rangi, yasipuuzwe.

Neno la nne ni hatari kuliko yote kwa sababu hupendeza masikioni: "Nimepona." Kijana akimaliza wiki tatu bila kukohoa huiacha inhela ya kila siku sandukuni, asijue kuwa uzima huo ni kazi ya dawa hiyo. Hubaki na ile ya buluu, na kila ikimfungua kifua hudhani ametibiwa. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, uitwao GINA kwa kifupi, uliacha kupendekeza kuwa vijana na watu wazima watibiwe kwa salbutamoli pekee. Anayeihitaji mara kwa mara na amwone daktari. Asingoje iishe anunue nyingine.

Walimu wenzangu, inhela ya kuokoa isifungiwe kabatini ofisini huku ufunguo ukiwa na mtu aliyekwenda mjini. Mwanafunzi awe nayo uwanjani, darasani na bwenini. Ile ya kila siku nayo iwe na saa yake, kama kengele ya shule ilivyo na saa yake. Tena tusikilize jinsi mtoto anavyozungumza. Asiyeweza kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja yumo hatarini. Apewe dawa ya kuokoa na apelekwe hospitalini bila kuchelewa. Mama alinipa ishara hiyo kwa simu, neno mojamoja, nami ambaye kazi yangu ni kuchunguza usemi wa watu sikuitambua.

Swali linalobaki ni la lugha. Karatasi iliyokuwa ndani ya paketi ya mama ilieleza mengi ya haya, lakini kwa Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, na cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na alichonunua. Habari asiyoweza kuisoma mwenye ugonjwa si habari kwake. Watengenezaji, wauza dawa na sisi wanaisimu tuna deni hapo.

Wakati deni hilo likingoja kulipwa, nilikwenda nyumbani na kalamu ya wino mzito. Juu ya inhela moja niliandika "KILA SIKU", na juu ya nyingine "KUOKOA". Siku hizi mpwa wangu akinipigia simu, hasemi tena kwamba amempa Nyanya inhela. Hutaja ni ipi.