Herufi Nne za Nachingwea

Kiwanja cha ndege cha Nachingwea, mkoani Lindi, kina majina matatu. Wenyeji, pamoja na majirani zao wa Ruangwa, hukiita kwa jina la mji. Katika orodha ya mashirika ya ndege huitwa NCH. Na katika mipango ya safari za marubani huandikwa HTNA. Je, kwa nini jina moja halitoshi?

Herufi tatu hutumika kwa tiketi na mizigo. NCH zimo zote katika jina la Nachingwea, lakini si kila mji umebahatika hivyo. Mtwara ni MYW, ingawa jina lake halina Y. Masasi ni XMI, na X haimo hata katika alfabeti ya Kiswahili. Herufi tatu hutoa mipangilio 26 × 26 × 26, yaani 17,576, kwa dunia nzima. Uliokwisha kuchukuliwa na kiwanja kimoja haupewi kingine.

Herufi nne ni za usalama wa safari. Husimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo lilianza kazi mwaka 1947, mwaka uleule ulipoanza mpango wa karanga wa Waingereza ulioukuza mji wa Nachingwea. Herufi hizi husomwa kama anwani, kutoka eneo kubwa hadi dogo. H ni upande wa kaskazini-mashariki ya Afrika. T ni Tanzania, kama vile HK ilivyo Kenya na HU Uganda. NA ni kiwanja chenyewe.

Hata hivyo, herufi moja tu yaweza kupotosha. Kiwanja cha Mafia ni HTMA. Redioni, sauti za N na M hukaribiana mno, lakini kati ya viwanja hivyo viwili pana takriban kilomita 290. Kimoja ki bara, kingine ki kisiwani. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1956 marubani hutaja kila herufi kwa neno zima: N ni «November», M ni «Mike». Maneno hayo hayafanani hata redio ikikwaruza.

Basi kifupisho si mapambo ya ramani. Ndege inayomfuata mgonjwa Nachingwea yapaswa kutua Nachingwea, wala si penginepo.