Uchunguzi wa picha wa saratani ya ngozi

Uchunguzi wa picha wa saratani ya ngozi hutumika kutambua kama saratani iliyoanza kwenye ngozi imesambaa mwilini. Kwa watu wenye ualbino huanza hasa kichwani na shingoni, hivyo tezi za shingo hutazamwa kwanza kwa ultrasaundi. Kwa watu weusi melanoma hutokea zaidi kwenye wayo na huweza kufika kinenani. Uvimbe huo hudhaniwa kirahisi kuwa mtoki wa kidonda tu. CT-skani huonyesha mapafu na ini. Picha pekee haithibitishi saratani: chembe za tezi hutolewa kwa sindano zikapimwe.

Mgonjwa wa Mangapwani, Unguja, hupata ultrasaundi Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini Zanzibar. Wanaohitaji mionzi wamekuwa wakivuka bahari hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.